Mama Anyonyeshaye: Chakula Chake na Mavazi Yake

  Baba, usiondoke karibu na redio ukidhani kwamba mazungumzo haya ni ya akina mama peke yao. Sehemu kubwa ya maneno ya leo twakuambia wewe.

Fungueni pamoja nasi kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Yakobo anarudi kwao baada ya miaka 20 kwa mjomba wake Labani. Amesikia kwamba ndugu yake Esau anakuja kumlaki pamoja na watu 400, na moyo wake umejaa hofu. Kumbe Esau anamkimbilia, anamkumbatia, na wote wawili wanalia. Mahubiri mengi tuliyoyasikia juu ya sura hii huishia hapo penye kukumbatiana. Lakini endeleeni kusoma mpaka mstari wa 13 na wa 14. Esau anataka wasafiri pamoja, na mwendo wa Esau ni mwendo wa wanaume 400. Yakobo anakataa kwa upole. Anamwambia kwamba watoto wake bado ni wachanga, na kati ya mifugo wako wanyonyeshao. Wakikimbizwa hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Anamwomba ndugu yake atangulie, naye atafuata polepole, kwa kadiri ya miguu ya wanyama na ya watoto.

Yakobo alikuwa mchungaji kwa kazi yake. Alilijua jambo hili kwa miaka 20 ya jua na baridi. Anayenyonyesha hawezi kuendeshwa kama wengine, na msafara wenye akili hupunguza mwendo kwa ajili yake.

Sasa tunataka kuungama jambo lililotokea katika kanisa letu, ambalo sisi wenyewe tulikuwa na mkono ndani yake.

Chama chetu cha akina mama kilitaka sare mpya. Tulichagua kamati, na sisi tunaozungumza nanyi tulikuwa katika kamati hiyo. Tulikaa vikao vitatu juu ya rangi peke yake. Mwisho tukakubaliana juu ya gauni la polista lenye bitana, ukosi wa juu unaofunga shingo, na zipu ndefu mgongoni. Lilikuwa gauni zuri la kutazamwa! Siku ya ibada ya shukrani tuliingia kanisani kwa mistari miwili, na wageni wakatusifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama gauni lile linaweza kufunguka kwa mbele. Wengi wa kamati tulikuwa tumekwisha kuzaa zamani, nasi tulikuwa tumesahau.

Mama kijana mmoja alikuwa kati yetu, na mtoto wake alikuwa na miezi miwili. Ibada ile ilichukua zaidi ya saa tatu. Mtoto akalia. Mama akambembeleza, akampigapiga mgongoni, akamwimbia polepole, lakini mtoto alitaka kunyonya tu. Mzee wa zamu akamwonyesha mlango kwa kichwa. Mama akatoka, akaenda katika chumba cha kuwekea viti, na kwa kuwa gauni lilifunguka mgongoni tu, ilimbidi alivue lote mpaka kiunoni. Kanisa letu liko upande wa milimani penye baridi, na chumba kile hakina dirisha lenye kioo. Alinyonyesha akitetemeka, akiogopa mtu asije akafungua mlango kutafuta kiti.

Jumapili iliyofuata alikuja na chupa. Ndani yake mlikuwa na maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Sisi tuliiona chupa ile, na tuseme kweli, tulifurahi kwamba mtoto sasa ametulia. Baadaye chupa ikatumika siku ya mkutano wa chama, kisha siku ya soko. Matiti hutengeneza maziwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Akinyonya kidogo, yanatengenezwa kidogo. Basi maziwa yakapungua, na chupa ikazidi. Na chupa, wapendwa, ina chuchu na shingo ambazo ni vigumu kuzisafisha katika jiko la kuni na maji ya mtungi. Mtoto alipata kuhara, akalazwa hospitali akiwa na miezi mitatu na macho yaliyoingia ndani.

Tulikwenda kumwona. Tulimkuta muuguzi kando ya kitanda, na swali aliloliuliza halikuhusu mtoto. Alisema, "Mama, wewe mwenyewe umekula nini tangu jana?"

Yule mama akajibu kwa sauti ndogo, "Chai, sista."

"Na jana mchana?"

"Chai na ugali uliobaki."

Tulikuwa tumesimama pale na maua mikononi. Hatukuwa tumebeba hata yai moja.

Basi na tuanze na chakula. Mama anyonyeshaye hutoa karibu robo tatu ya lita ya maziwa kila siku katika miezi ya kwanza. Maziwa hayo hutoka katika mwili wake. Kwa hiyo anahitaji nyongeza ya chakula kila siku, kama kilokalori 500 zaidi ya alizokula kabla ya mimba. Kwa lugha ya jikoni, hiyo ni kama sahani ya ziada ya githeri na kipande cha parachichi, au vikombe viwili vikubwa vya uji wenye maziwa pamoja na kiazi kitamu. Si mzigo wa kumshinda baba mwenye nyumba.

Wengine hufikiri kwamba mama mwenye njaa hana maziwa kabisa, kwa hiyo akilalamika kuwa na njaa huambiwa ampe mtoto chupa. Sivyo Mungu alivyoumba. Hata mama aliyekonda kwa kawaida huweza kumnyonyesha mtoto wake, kwa sababu mwili humtangulia mtoto. Lakini gharama hulipwa na mama: hulipwa kwa mifupa yake, na kwa nguvu zake za kuinuka asubuhi. Tena viko virutubisho vingine, kama vitamini A na iodini, ambavyo hupungua hata katika maziwa yenyewe kama mama havipati katika chakula. Dawa yake ni kumlisha mama.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya redio. Kule Kati, mwanamke aliyejifungua alipikiwa njahi na uji wa wimbi, akachinjiwa mbuzi anywe supu. Pwani alikaa siku 40 akihudumiwa, akinywa uji wenye pilipili manga. Kando ya Ziwa alipewa supu ya samaki, na wafugaji walimpa maziwa. Hatusemi kwamba njahi ina dawa fulani ya kuleta maziwa, maana aletaye maziwa ni mtoto anyonyaye mara kwa mara, mchana na usiku. Lakini njahi ina protini na madini ya chuma, na zaidi ya hayo, kuna mtu aliyekaa jikoni akampikia. Siku hizi mama wengi hujifungua mjini katika chumba kimoja cha kupanga, na siku ya tatu wanachota maji wenyewe. Njahi ziko sokoni, wa kuzipika hayuko.

Ale nini basi? Ale cha kila siku, lakini kichanganywe. Asubuhi anywe uji wa wimbi wenye maziwa. Saa nne apate kiazi kitamu, hasa kile cha rangi ya machungwa ndani, ambacho kina vitamini A nyingi, au ndizi, au yai la kuchemsha. Mchana ale githeri au ndengu pamoja na majani mabichi kama kunde, managu, terere au sukuma wiki, yasichemshwe mpaka yakapoteza rangi. Baadaye ale chungwa au pera, kwa maana tunda la namna hiyo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe. Jioni ugali na omena, na omena aliwe mzima na mifupa yake, kwa sababu humo ndimo ilimo kalisi. Chumvi iwe ile yenye iodini. Vidonge vya kuongeza damu, kama kliniki imempa, avimalize.

Chai ni rafiki yetu sote hapa Kenya, na hatutaki kugombana nayo. Lakini chai inywewapo pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasichukuliwe vizuri. Ainywe baada ya kama saa moja. Na chai peke yake isiitwe chakula! Kikombe cha chai ya rangi chenye sukari humdanganya mama kwamba ameshiba, kisha saa sita mikono inatetemeka. Habari ya busaa na pombe nyingine, ambazo watu husema huongeza maziwa, si kweli, na pombe huingia katika maziwa.

Kuna adui mwingine wa mama huyu, naye ni ushauri. Mtoto akilia usiku, mama huambiwa aache maharagwe. Akilia tena, aache kabeji. Usiku wa tatu aache maziwa na mayai, mpaka hana kitu ila chai na mkate. Watoto wachanga hulia kwa sababu nyingi, na wengi wao hulia zaidi wakati wa jioni hata mama ale nini. Mama mkwe mpendwa, twajua unasema kwa upendo. Kabla hujamwondolea chakula, mwulize mhudumu wa afya. Na iwapo mama anaishi na virusi vya ukimwi na anatumia dawa zake za ARV kila siku, asiachishwe kunyonyesha na maneno ya jirani. Afuate maagizo ya kliniki yake, ambayo siku hizi humsaidia kunyonyesha kwa usalama.

Mtoto naye, kwa miezi sita ya kwanza, asipewe kitu kingine ila maziwa ya mama, hata maji asipewe, hata kama nyumba iko Garissa wakati wa joto. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Yule wa kupewa maji ni mama. Hapa Kenya tumepiga hatua: mwaka wa 2008 na 2009 utafiti wa taifa ulionyesha kwamba watoto 32 katika kila 100 walio chini ya miezi sita walinyonyeshwa pasipo kupewa kitu kingine, na mwaka wa 2014 walikuwa 61. Lakini mwaka wa 2022 walikuwa 60. Mwendo umesimama. Baada ya miezi sita mtoto huanza vyakula vingine, na huendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Sasa mavazi. Mtu anaweza kusema, "Haya ni mambo madogo, kwa nini kuyaleta katika saa ya Neno?" Sisi tumekwisha kuona zipu ikimpeleka mtoto hospitali, kwa hiyo hatuwezi kuyaita madogo.

Tuliporudi kutoka hospitali tulimwita fundi cherehani, mama wa makamo ambaye amelea watoto watano. Alilitazama gauni letu, akacheka, akasema, "Gauni hili lilishonewa mlingoti." Kisha akatuonyesha. Aliifunga zipu ya mgongoni kwa uzi, akakata kwa mbele kutoka shingoni mpaka juu ya kiuno, akaweka vifungo vikubwa ambavyo mkono mmoja unaweza kuvifungua, maana mkono wa pili una mtoto. Kwa wale wasiopenda vifungo, alitengeneza mikunjo miwili kifuani, na chini ya kila mkunjo akaacha mpasuko, ili mama amnyonyeshe mtoto bila kufunua kifua chote. Ukitazama kwa mbali huoni tofauti na sare nyingine. Kazi hiyo ilichukua nusu siku kwa kila gauni.

Kwa siku za kawaida, sketi na blauzi ni bora kuliko gauni la kipande kimoja, kwa kuwa blauzi huinuliwa kutoka chini na mtoto mwenyewe huufunika mwili wa mama. Kitambaa cha pamba ni bora kuliko nailoni, kwa sababu hunywa jasho na maziwa yanayovuja, na hakishiki harufu. Dera ni pana na la raha, lakini shingo yake iwe na ufunguo, ama sivyo mama atalazimika kulipandisha lote kutoka miguuni. Sehemu za baridi avae sweta ya vifungo, si ile ya kuvalia kichwani. Wale wanaochuma chai au kuuza sokoni wanajua kwamba nguo ya kazi hushika dawa na vumbi. Basi na kuwe na blauzi safi ya kubadilisha, au angalau leso ya kuweka kati ya nguo na uso wa mtoto.

Sidiria isibane. Sidiria yenye waya au iliyo ndogo hukandamiza titi, maziwa hukwama, na mama hupata uvimbe mgumu wenye maumivu. Akipata na homa aende kliniki upesi, wala asiache kunyonyesha kwa titi hilo, maana kulitoa maziwa ni sehemu ya matibabu. Kwa maziwa yanayovuja, akunje kitambaa laini cha pamba mara nne, akiweke ndani, na akibadilishe kila kinapolowa. Vifuliwe na kuanikwa juani. Pini na beji za chama, ambazo sisi tunazipenda sana, zisikae kifuani upande anapolala mtoto. Tumeona shavu lililokwaruzwa.

Na leso! Sijui kama kuna nguo nyingine iliyofanya kazi nyingi hivyo. Jozi moja hubeba mtoto mgongoni, hufunika bega wakati wa kunyonyesha, hutandikwa chini, hukinga upepo katika matatu. Mama wa Pwani wamelijua hili tangu zamani, nasi wa bara tumejifunza kwao. Anayetaka kumpelekea mzazi zawadi, ampelekee leso na mayai, aache maua.

Wale walioajiriwa wajue haki yao. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa kazini. Baba, zile wiki mbili hazikuwekwa ili ukapumzike.

Ilibaki habari ya kanisa lenyewe. Jambo hili lililetwa mbele ya baraza la wazee. Mzee mmoja, mtu mwema sana, aliuliza kama ni heshima kunyonyesha ndani ya nyumba ya Mungu. Bibi mmoja, aliye mkubwa kwa umri kuliko wote waliokuwapo, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, siku ile ulipobatizwa hapa mbele ukilia, unafikiri ni nini kilichokunyamazisha?" Mzee yule akacheka kuliko wote. Hana, mama yake Samweli, hakuburutwa kwenda Shilo mwaka ule alipokuwa akinyonyesha. Alisema atakaa nyumbani mpaka amwachishe mtoto, na Elkana mumewe akakubali. Lakini Hana alikaa nyumbani kwa hiari yake mwenyewe. Yule mama kijana wetu alitaka kuwa ibadani, nasi tulimpeleka kwenye chumba cha viti.

Baraza likaamua kwamba mama anyonyeshe mahali alipoketi. Anayependa faragha ametengewa benchi lenye mgongo karibu na ukuta, mahali ambapo mahubiri yanasikika. Kioo kiliwekwa katika dirisha la kile chumba pia, ingawa siku hizi viti peke yake ndivyo vinavyofaidi. Na kabla ya ibada, mama wa zamu huweka birika la uji nyuma, kwa wale wanaonyonyesha. Watoto wa shule ya Jumapili hujaribu kulikaribia, nasi huwafukuza.

Yule mtoto alipona. Wodini mama alilishwa, akawekewa mtoto kifuani kila mara, na baada ya siku kadhaa maziwa yakarudi, chupa ikaachwa. Mumewe alinunua thamosi, na kila usiku kabla ya kulala huijaza uji na kuiweka kando ya kitanda pamoja na kikombe, kwa ajili ya njaa ile ya saa nane usiku ambayo wanyonyeshao wote wanaijua. Alituambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mke wake huona njaa usiku.

Mwaka huu chama kinashona sare tena, kwa kuwa wanachama wameongezeka. Yule mama kijana sasa yumo katika kamati. Fundi anapopima, humwagiza kila mwenye mtoto mchanga aje naye, na gauni halipokelewi wala kulipiwa mpaka mtoto awe amenyonya humo mbele ya wote. Juzi mtoto mmoja alilala kabla ya kazi kumalizika, na kamati nzima ikakaa ikimngojea aamke.